Kuruka Katika Viwanja vya Porini

Kipawa ni mtaa wa pembezoni mwa mji wa Dar es Salaam, nao umepakana na uwanja wa ndege uitwao kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Mtu akaaye Kipawa huziona kila siku ndege za namna mbili. Namna ya kwanza ni zile kubwa zichukuazo watu mamia kwenda nchi za mbali. Hizo zikiondoka, mabati hutetemeka na mazungumzo hukatika mpaka zipite. Namna ya pili ni ndege ndogo zenye rafadha, zichukuazo watu watano au sita, au hata kumi na wawili. Hizi hazina kishindo. Huvuma kama nyuki, huinuka mapema, zikageuka kwenda Mafia, au Unguja, au barani kwenye mbuga za wanyama. Wazee wa zamani walikuwa wakiziita eropleni.

Uwanja huo una njia ya lami yenye urefu wa mita 3,000, itumiwayo na ndege kubwa na ndogo. Kwa ndege kubwa njia hiyo ni kiasi chake. Kwa ndege ndogo ni kama uwanda usio na mwisho, maana huinuka kabla haijamaliza hata theluthi yake. Basi mtazamaji wa Kipawa yamkini akasema moyoni mwake, "Kuruka ni kazi nyepesi; kazi ngumu ni kutua." Walakini ndege ile ndogo haiendi kukaa juu ya lami siku zote. Baada ya muda mfupi itatua mahali kama Mtemere, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako uwanja ni ardhi iliyofyekwa tu porini. Hapo hakuna lami, wala mnara wa kuongozea ndege. Askari wa wanyama hupita kwanza na gari lake kuwafukuza ngiri na swala, ndipo ndege ishuke. Na kutoka hapo itabidi iruke tena.

Kuruka kutoka mahali kama hapo kuna hatari yake, nayo ni tofauti na hatari ya kutua. Ndege itakayotua huja nyepesi, kwa kuwa imekwisha kuchoma sehemu ya petroli yake. Tena rubani asiporidhika na mwendo wake aweza kupanda juu, akazunguka, akajaribu mara ya pili. Ndege itakayoruka ni nzito kwa watu, mizigo na mafuta, na kila nukta moja inazidi kuukaribia mwisho wa uwanja. Nafasi ya kubadili shauri ni fupi sana. Ikipita, haiji tena.

Ili kuijua hatari hiyo vema, yafaa kujua kwanza ni nini kiinuacho ndege. Ndege huinuliwa na hewa ipitayo kwenye mabawa yake. Hewa haionekani, lakini ina uzito na nguvu, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kushindana na upepo barabarani akiwa amekwea baiskeli. Ndege ikienda mbio za kutosha, hewa huweza kuibeba. Ikienda polepole, hewa hushindwa, na ndege hubaki kuwa gari bovu lenye mabawa.

Sasa, hewa si sawa mahali pote. Pwani, asubuhi penye baridi, hewa ni nzito, nayo hubeba vizuri. Huko juu bara, mchana wa jua kali, hewa ni nyepesi. Mabawa hupata kidogo cha kushika, rafadha hupata kidogo cha kusukuma, na injini hupata kidogo cha kuvuta. Uwanja ulio mita 1,500 juu ya bahari, joto lake likifika digrii 30, huwa kwa ndege kana kwamba uko karibu mita 2,400. Ndege ni ile ile na rubani ni yule yule. Ni hewa tu iliyopungua.

Upepo nao una neno lake. Nahodha wa jahazi huuchukia upepo wa mbisho, kwa sababu humzuia asifike aendako. Rubani arukaye huupenda, kwa kuwa upepo ujao mbele huyapa mabawa hewa hata kabla ndege haijapata mbio zake. Ndiyo sababu katika kila uwanja hutundikwa mlingotini mfuko mrefu wa nguo, upate kuonyesha upepo unatoka wapi. Rubani akiondoka huku upepo unamsukuma mgongoni, atahitaji njia ndefu zaidi. Ukimsukuma kwa nguvu, pengine njia haitamtosha.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imeandika kanuni za kuwasaidia marubani wa ndege ndogo kupiga hesabu ya mambo haya. Mwanafunzi na achukue kalamu aifanye pamoja nao. Tuseme ipo ndege ambayo, penye lami kavu, usawa wa bahari, huhitaji mita 500 kuondoka chini na kufika mita 15 hewani. Uzito wake ukizidishwa sehemu moja katika kumi, njia huongezeka sehemu mbili katika kumi. Basi mita 500 huwa 600. Ikiwa uwanja ni wa majani yaliyolowa, huongezeka sehemu tatu katika kumi. 600 huwa 780. Joto likizidi kwa digrii 10, huongezeka sehemu moja katika kumi. 780 huwa 858. Uwanja ukiwa mita 300 tu juu ya bahari, huongezeka tena sehemu moja katika kumi. 858 huwa karibu 944.

Tazama ajabu yake. Hakuna hata jambo moja katika hayo manne lililokuwa kubwa. Mizigo ilizidi kidogo, mvua ilinyesha usiku, jua lilipanda, na mahali palikuwa na mwinuko mdogo. Walakini njia iliyohitajiwa imekaribia kuwa maradufu. Rubani mwenye uwanja wa mita 900, asiyepiga hesabu, ataona ndege yake inakwenda vizuri kabisa, mpaka aione miti. Watu husema kwamba haba na haba hujaza kibaba, wakikusudia kusifu akiba. Hatari nayo huweka akiba yake vivyo hivyo.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la hila. Ndege ikiwa karibu sana na ardhi, hewa iliyo chini ya mabawa huisaidia kuliko ikiwa juu. Kwa hiyo ndege nzito, ikipigwa na tuta la uwanja mbovu, huweza kuinuka kabla ya wakati wake. Abiria hufurahi, wakidhani kwamba wamekwisha kuruka. Kumbe mbio hazijatosha. Ikijaribu kupanda, msaada ule huisha, nayo hurudi chini kwa kishindo.

Afrika ya Mashariki imeyajua mambo haya tangu siku za kwanza za ndege. Mwaka 1931 alikuwapo Kenya Mwingereza mmoja jina lake Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri, aliyekuwa na ndege yake mwenyewe ya namna ya Gipsy Moth. Ilikuwa ndege ya viti viwili, isiyo na paa. Alikuwa amevumbua kwamba tembo watafutwao kwa miguu siku nyingi, mtu aliye hewani huweza kuwaona kwa saa moja. Siku ya 14 Mei 1931 aliondoka Voi, katika nchi ya Wataita, pamoja na mtumishi wake Mkikuyu aitwaye Kamau. Ndege iliinuka, ikazunguka, kisha ikaanguka karibu na uwanja na kuwaka moto. Wote wawili wakafa.

Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong, na vitabu vingi vimeandikwa juu yake. Habari za Kamau ni chache mno. Lakini mtu afikiriye ajali za ndege asimsahau. Kamau hakushika usukani, wala hakuamua saa ya kuondoka. Alikaa tu katika kiti chake, maisha yake yakiwa mikononi mwa mwenziwe. Kila abiria wa ndege ndogo, hata leo, yuko katika hali hiyo ya Kamau.

Ajali iliyotangaa kuliko zote katika nchi hizi ni ile ya Butiaba, katika Uganda, mwaka 1954. Alikuwapo Mmarekani jina lake Ernest Hemingway, mwandishi wa vitabu ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea ulimwenguni. Alikuja Afrika ya Mashariki na mkewe, Mary, kuwinda na kutembea. Kwa zawadi ya Krismasi alimkodishia mkewe ndege ndogo ya namna ya Cessna, apate kuyaona maziwa na mito kutoka juu. Rubani wao alikuwa Roy Marsh.

Siku ya Jumamosi, 23 Januari 1954, walikuwa juu ya maporomoko ya Murchison, mahali ambapo mto Nile hupenya katika mwanya mwembamba wa mwamba. Rubani alizunguka, Bibi Mary apate kupiga picha. Mara ndege wa angani, kundi zima, wakakatisha mbele yao. Rubani akainamisha ndege kuwakwepa, nayo ikagonga waya wa simu wa zamani uliokuwa umeachwa porini. Ikaanguka vichakani. Bibi Mary alivunjika mbavu mbili, naye mumewe akaumia, lakini wote watatu walikuwa hai. Wakalala usiku ule juu ya kilima, wakiota moto na kusikiliza sauti za tembo.

Wakati huo ndege kubwa ya abiria ilipita, nayo ikaona mabaki bila kuona mtu. Basi habari zikaenda London na New York kwamba Hemingway amekufa. Magazeti yakaandika tanzia zake kwa herufi kubwa.

Siku ya pili yake wakaona mashua ikija mtoni, wakachukuliwa mpaka Butiaba, bandari ya ziwa Albert. Hapo walimkuta rubani mwingine, Reginald Cartwright, aliyekuwa akiwatafuta kwa ndege ya namna ya Rapide. Ndege hiyo ilikuwa na injini mbili na mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine, nayo ilitengenezwa kwa mbao na nguo. Haikuwa chombo kigeni hapa kwetu. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946, lilianza kazi yake kwa ndege za namna hiyo.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Uwanja ulikuwa wa matuta na mifereji, kama shamba lililolimwa. Waliotoka porini walikuwa wameumia na kuchoka, na mjini Entebbe kulikuwa na madaktari na vitanda. Nani angependa kulala tena njiani? Wakapanda, na ndege ikaanza kwenda mbio. Ilirukaruka juu ya matuta, ikainuka kidogo, ikarudi chini, ikainuka tena. Kisha ikaanguka, na mara moto ukawaka.

Marsh alivunja dirisha, akatoka pamoja na Bibi Mary. Hemingway alikuwa mtu wa mwili mkubwa. Dirisha halikumtosha, na mlango ulikuwa umebana. Aliupiga kwa kichwa na bega mpaka ukafunguka. Cartwright naye alitoka. Hakuna aliyekufa, lakini ndege iliteketea pamoja na mizigo yao. Usiku ule wakapelekwa kwa gari mpaka Masindi. Huko Entebbe waandishi wa magazeti walikuwa wakimngojea mtu ambaye walikuwa wamekwisha kumzika kwa kalamu.

Hemingway alizisoma tanzia zake mwenyewe, na watu wakacheka sana kwa habari hiyo. Lakini si habari ya kuchekesha. Waya wa Murchison ulikuwa umemwumiza kidogo. Butiaba ilimwumiza sana. Kichwa chake kilipasuka, bega likateguka, mifupa ya mgongo ikaharibika, ini na figo zikapata jeraha, na ngozi ikaungua. Mwisho wa mwaka ule ule alipewa tuzo la Nobel kwa ajili ya vitabu vyake, lakini hakuweza kusafiri mpaka Sweden kulipokea. Hotuba yake ikasomwa na mwingine. Aliishi hata mwaka 1961, wala hakurudi kuwa na afya kama aliyokuwa nayo kabla ya siku zile mbili.

Linalostahili kufikiriwa hapa ni hili. Ajali ya kwanza ilikuja kwa ghafula. Ndege wa angani hawatoi ahadi. Ile ya pili ilikuja baada ya watu kusimama kando ya uwanja na kuutazama kwa macho yao. Walikuwapo marubani wawili hodari. Ilikuwako barabara ya kwenda Masindi, nao walipita njia hiyo usiku ule ule, wakiwa na majeraha zaidi. Safari ya gari, iliyoonekana ndefu na ya kuchosha jioni ile, ndiyo iliyokuwa fupi.

Wala mambo haya si ya zamani tu. Siku ya 28 Novemba 2023, katika uwanja wa Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ndege iliyotoka Unguja iliharibika magurudumu katika kutua. Siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo, ndege nyingine ya namna ile ile iliharibika ilipokuwa ikiruka kurudi Unguja. Abiria wa ndege zote mbili walisalimika. Sababu za ajali huamuliwa na wachunguzi, si na watazamaji. Walakini siku hiyo moja yatosha kuonyesha kwamba porini kuruka kwataka tahadhari ile ile kama kutua.

Je, rubani afanyeje? Walimu wa urubani wana kanuni moja iliyo rahisi kukumbuka. Kabla ya kuondoka, rubani huchagua alama katikati ya uwanja, kama kichuguu, au jiwe, au kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Ndege inapofika kwenye alama ile, sharti iwe imepata angalau sehemu saba katika kumi za mbio zinazohitajiwa kuruka. Ikiwa ndege huruka kwa mbio za kilomita 100 kwa saa, basi katikati ya uwanja iwe imefika 70. Kama haijafika, rubani hupunguza moto na kufunga breki mara moja. Haulizi tena, wala hangoji aone.

Kanuni hii ina hekima, kwa sababu shauri limekatwa mapema, wakati moyo umetulia. Mtu aliye katikati ya uwanja, huku injini inanguruma na miti inakuja, hawezi kufikiri sawasawa. Kila mara atajiambia, "Bado kidogo tu." Lakini aliyekwisha kujiamuru akiwa bado chini hana la kufikiri, anatii tu. Hata akichelewa kusimama, ndege ikaingia majanini polepole na kuvunjika gurudumu, mafundi wataitengeneza. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Yaliyobaki hutendeka kabla magurudumu hayajazunguka. Rubani mwema huutembea uwanja kwa miguu, akakanyaga mahali palipolainika. Huuliza uzito wa kila mzigo, wala haoni haya kumwambia mgeni mwenye fedha kwamba sanduku lake litabaki. Huondoka asubuhi, hewa ingali nzito. Akiona hesabu haitoshi, huwapeleka abiria wake kwa mafungu mawili. Tena kama hata hivyo haitoshi, husema, "Leo haturuki." Neno hilo ni gumu kuliko kuruka kwenyewe, maana abiria watanung'unika, na mwenye ndege atakasirika, na wapo watakaomwita mwoga.

Haitoshi kusema kwamba basi ndege ndogo zisiruke. Tangu mwaka 1957 kazi ya Madaktari Warukao, iliyoanzia Nairobi, imewafikia wagonjwa mahali ambapo gari lingechukua siku nzima au zaidi. Mama aliyepatwa na shida ya kujifungua, au mtoto aliyeumwa na nyoka, ameokoka kwa sababu mtu alikubali kutua kwenye kiwanja cha majani. Lakini kwa sababu hiyo hiyo rubani wa namna hiyo hujifunza kukataa. Mgonjwa aliyepakiwa katika ndege isiyoweza kuinuka hakusaidiwa. Ameongezewa hatari ya pili juu ya ile ya kwanza, kama walivyoongezewa wale wa Butiaba.

Wahenga walisema, "Kawia ufike." Walisema hivyo kwa ajili ya msafiri wa miguu na nahodha wa jahazi, maana ndege hawakuzijua. Mtoto wa Kipawa atazamaye ndege ndogo ikipita juu ya mabati ya kwao, huenda akawa rubani siku moja, au fundi, au abiria. Akiwa rubani, ajue kwamba kuruka huanza kwa hesabu na kwa miguu, kabla ya injini kuwashwa. Akiwa fundi, asifiche kasoro ili safari isikawie. Na akiwa abiria, siku atakapoambiwa kwamba hawaruki, asinung'unike. Akae kivulini, anywe maji, angoje asubuhi.